Nilivyotumwa San Siro

Hapa Mongbwalu, Ituri, mashariki mwa Kongo, hakuna mtu anayesafiri peke yake. Ukitamka tu kwamba kesho unateremka Bunia, kabla jua halijazama umeshageuzwa posta: huyu ana barua, yule ana simu ya kutengenezwa, mama wa jirani anataka makayabu, wale samaki wa chumvi, kwa sababu ati ya Bunia ni nafuu. Sasa fikiria ilivyokuwa habari ilipovuja kwamba mwalimu wa watoto wao anakwenda Italia kumtembelea binti ya dada yake, kwamba huyo binti anaishi Milano, na kwamba Milano ndiko uliko uwanja wa San Siro.

Sisi ni watu wa dhahabu na mpira. Mchana watu wako shimoni au mtoni, jioni wako kwenye sine. Sine ni chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja, dekoda moja, na gurupu moja inayokohoa nje kwa petroli ya Uganda. Gurupu ile ina tabia zake. Haizimiki wakati wa matangazo ya biashara. Huzimika wakati wa penalti. Ndiyo maana mjini kwetu wapo watu wazima, wenye wajukuu, wanaobishana mpaka leo juu ya penalti ambazo dunia nzima ilikwisha kuona mwisho wake.

Na ndani ya sine hiyo kuna deni. Tarehe 18 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter ya Milano. Siku nne kabla ilikuwa imeichapa Internacional ya Brazil 2-0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo, tena ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini. Kutoka kwetu hadi Lubumbashi ni mbali kuliko Kampala, ni mbali kuliko hata Nairobi, lakini siku ile kila mtu wa Ituri alikuwa mzaliwa wa Katanga. Furaha ilidumu dakika 13. Pandev akafunga. Dakika nne baadaye Eto'o akaongeza. Dakika ya 85, tulipokuwa tumeanza kuambiana kwamba 2-0 mbele ya mabingwa wa Ulaya si aibu, akaja Biabiany na la tatu. Na gurupu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, haikuzimika hata sekunde moja.

Tangu siku hiyo deni liko kwenye daftari. Nalijua daftari hilo kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa kamati ya wapenzi wa mpira; nilichaguliwa kwa kuwa nina kalamu. Kwa hiyo safari yangu ya kifamilia ilipojadiliwa kikaoni, na mimi nikiwepo bila kuulizwa, ilitoka mlangoni ikiwa ujumbe rasmi.

Michango ilikusanywa kwenye meza ya mnunuzi mmoja wa dhahabu. Mizani yake ni ya visahani viwili vinavyoning'inia kwa nyuzi: upande huu unaweka njiti za kiberiti na sarafu za zamani, upande ule unamwaga vumbi la dhahabu kutoka kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi. Mchimbaji alifungua kikaratasi chake, akakigonga kwa ukucha, akakigonga tena, kisha akakipuliza kwa pembeni ili punje ya mwisho isibaki kwenye mkunjo. Njiti ikainuka kidogo. "Andika, Mwalimu," akasema, "lakini andika na kazi yangu."

Kazi hizo ndizo zilizoniponza. Ya kwanza, nivae jezi ya Mazembe ndani ya San Siro, ili uwanja wenyewe ujue kwamba hatujasahau. Ya pili, nifanye Kidiaba humo humo ndani. Robert Kidiaba, kwa vijana ambao hawakumwona, ni kipa wetu aliyekuwa akishangilia bao kwa kukaa kitako, miguu mbele, na kurukaruka kwa makalio juu ya nyasi kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Ya tatu, ya wachimbaji, nilete udongo wa San Siro uoshwe. Watu wanaofunga mabao kiasi kile, walisema, lazima wana kitu chini ya ardhi. Ya nne ilitoka kwa mzee mmoja anayeheshimiwa sana: nikaulize goli alilofungia Omam-Biyik mwaka 1990 ni lipi, la kushoto au la kulia, kwa maana aliisikia mechi ile kwenye redio na redio haina kushoto wala kulia.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Usufi wa kamati ulikuwa umelowa maji.

Habari za viza naziruka. Hiyo ni insha nyingine, tena haichekeshi. Za barabara ya Mongbwalu hadi Bunia, kilomita 80 hivi kwa njia ya Iga Barrière, nazifupisha: pikipiki, vumbi, kamba iliyofungwa kukatiza njia, mtu aliyeketi kivulini karibu na kamba, mazungumzo, kamba inalegezwa. Tairi la nyuma lilipasuka, likazibwa, likapasuka tena pembeni ya kiraka. Motari alilitazama kwa huruma, akaniambia, "Mwalimu, hili limefanya kazi kuliko mimi." Nikaketi juu ya jiwe na begi langu magotini, ndani yake jezi iliyopigwa pasi ya mkaa, nikawaza habari za matairi.

Maana ukichimba kidogo, ugomvi wetu na Inter ni wa matairi. San Siro ulijengwa kwa mkono wa Piero Pirelli, rais wa AC Milan, mtu wa ile familia ya matairi. Ulifunguliwa tarehe 19 Septemba 1926, na siku hiyo hiyo Inter ikaja ikawafunga wenye nyumba 6-3, jambo linaloonyesha kwamba tabia ile haikuanza na sisi. (Mwaka huo huo wa 1926, kwetu Ituri, ndipo ilipoundwa kampuni ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Wao walipata uwanja, sisi tukapata mashimo.) Mazembe nayo ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini, na baadaye ikaitwa Englebert, kwa jina la matairi ya Kibelgiji. Usiku wa Abu Dhabi, vifuani mwa wachezaji wa Inter paliandikwa Pirelli. Ilikuwa tairi kwa tairi, na Mkongo yeyote ambaye babu yake alipelekwa msituni kwa nguvu kugema mpira angeweza kudai mgao wake kwenye benchi zote mbili. Motari akamaliza kuziba. Tukaondoka.

Milano nilipokewa na binti ya dada yangu, ambaye tangu utoto wake hana subira na upuuzi wa wanaume. Alinipa chakula, akanionyesha kitanda, akafungua begi langu ili anifulie. Akaitoa jezi. Akaiangalia mbele na nyuma.

"Mjomba, hii huivai."

"Ni ya Mazembe."

"Najua ni ya Mazembe. Lakini ni nyeusi na nyeupe, mistari ya kusimama. Hapa hiyo ni Juventus."

Nikamwonyesha nembo: mamba, na mpira kinywani. Juventus haina mamba.

"Mjomba, mtu aliye mbali haoni mamba. Anaona mistari."

Kisha akanikumbusha habari za Lukaku, ambazo kila mtu wa sine anazijua lakini hakuna aliyezipeleka kwenye kikao. Romelu ni mtoto wetu kwa damu ingawa anachezea Ubelgiji. Baba yake, Roger, alichezea Zaire. Romelu mwenyewe aliifungia Inter mabao mpaka ikachukua ubingwa wa Italia mwaka 2021. Mwaka 2023 ikasikika kwamba anazungumza na Juventus. Hakuenda hata huko, alikwenda Roma, lakini aliporudi San Siro mwezi wa Oktoba alipigiwa filimbi kila alipogusa mpira.

"Na huyo aliwafungia mabao," akasema. "Wewe, Mjomba, umewafungia nini?"

Tukapatana: jezi nitaivaa, lakini chini ya koti la mume wake. Mume wake ni mtu mwema na mwembamba. Koti lake lilinikubali kwa shingo upande, zipu ikapanda huku ikilalamika meno kwa meno, na mimi nikaagizwa nisivute pumzi ndefu.

Siku iliyotangulia mechi ya Inter tulikwenda kutembezwa uwanjani pamoja na watalii. Tulipanda metro ya rangi ya zambarau inayofika mpaka mlangoni mwa San Siro. Nilisimama mbele kabisa ili nimwone dereva, kwa kuwa kwetu mtu hupanda chombo baada ya kumtazama usoni atakayekiendesha. Hapakuwa na dereva. Treni ile inajiendesha yenyewe. Nikashika chuma kwa mikono miwili mpaka kituo cha mwisho, na binti ya dada yangu akajifanya hanifahamu.

San Siro ukiuona kwa macho si ule wa televisheni. Televisheni inakuonyesha nyasi na watu, haikuonyeshi zege. Nje pana minara 11 ya duara, na juu yake vyuma vyekundu vikubwa vinavyobeba paa. Uwanja uliongezewa ghorofa ya pili mwaka 1955, na ya tatu kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990. Ghorofa hiyo ya tatu ndiyo iliyoleta balaa kwa majani: kivuli kikazidi, upepo ukapungua, nyasi zikawa zinakufa na kupandwa upya, mpaka mwaka 2012 wakachanganya nyasi za kweli na nyuzi za plastiki. Na kuna mataa makubwa ya magurudumu yanayosukumwa juu ya uwanja ili kuziotesha nyasi. Nilisimama nikayatazama mataa hayo kwa muda. Kwetu kuna kituo cha umeme cha Budana, kilichojengwa kwa ajili ya migodi, na tunaujua vizuri umeme wake kwa sababu tunaungoja mara kwa mara. Nikaona ni afadhali nisiwaambie wachimbaji kwamba huku Ulaya majani yana stima usiku kucha.

Mtembezaji alipofika kwenye habari za 1990, nikainua mkono. Nilitaka kujua goli la Omam-Biyik.

Hapa nataka msomaji anielewe. Tarehe 8 Juni 1990, katika uwanja huu, Kamerun iliifunga Argentina ya Maradona, bingwa wa dunia, 1-0, katika mechi ya ufunguzi. Dakika ya 61 Kana-Biyik alitolewa kwa kadi nyekundu; dakika ya 67 ndugu yake, Omam-Biyik, akaruka juu akapiga kichwa, na mpira ukamponyoka Pumpido ukaingia. Kabla ya mwisho Massing naye akatolewa, Kamerun ikamaliza na watu tisa, na bado ikashinda. Hesabu ya sine ni kwamba Mkamerun mmoja alitupa furaha San Siro, na Mkamerun mwingine, Eto'o, alikuja kuichukua Abu Dhabi, kwa hiyo na Kamerun tumekwisha kulipana.

Mtembezaji alionyesha goli la kushoto. Mzee mmoja Mjerumani aliyekuwa kwenye kundi letu akatikisa kichwa, akaonyesha la kulia. Huyo hakuwa mtu wa kupuuzwa: mwaka ule Ujerumani Magharibi ilicheza mechi zake tano hapa kabla ya kwenda kuchukua kombe, na Inter yenyewe ilikuwa na Wajerumani watatu, Matthäus, Brehme na Klinsmann, hivyo Mjerumani wa umri wake San Siro yuko kwao. Wakabishana kwa Kiitaliano. Akaingilia bibi mmoja, akaonyesha kushoto, kisha akageuka akasimama upande mwingine na kushoto kwake kukawa kulia. Nilihisi niko nyumbani. Nikamaliza shauri kwa kuinamisha kichwa mbele ya goli la kushoto, nikazunguka, nikainamisha mbele ya la kulia. Kila kundi likadhani nimekubaliana nalo.

Siku ya mechi ndipo yalipoanza mambo ya lango. Tiketi ya Italia ina jina lako, na jina hilo hulinganishwa na pasipoti yako. Fomu ya tiketi ina nafasi mbili, jina na jina la ukoo. Mkongo ana majina matatu. Hii ni kwa sababu mwaka 1972, wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, kila mtu akatafuta jina la mababu la kujazia. Baadaye ya Kikristo yakarudi, na yale ya mababu hayakuondoka. Kwa hiyo tiketi yangu ilikuwa na mtu mmoja na pasipoti yangu ilikuwa na mtu mmoja na nusu. Kijana wa lango alisoma, akageuza, akasoma tena, akamwita mwenzake mwenye umri. Binti ya dada yangu akasogea mbele, akaanza kuwaeleza habari za Mobutu, za Zaire, za majina ya mababu, kwa Kiitaliano cha kasi na mikono yote miwili. Foleni nyuma yetu ikanyamaza. Alipofika kwenye kofia ya chui, yule mwenye umri akanirudishia pasipoti kwa heshima, akatupisha. Nina hakika alitaka kujua iliishaje.

Hatua chache mbele wakatuomba chupa za maji, wakazifungua, wakavitoa vifuniko, wakaturudishia chupa. Ndivyo sheria zao: chupa isiyo na kifuniko hairushwi mbali. Vifuniko vilikuwa vimejaa chini, hata kwenye kitalu cha maua kilichokuwa pembeni. Ukiwa na chupa iliyo wazi na ngazi za ghorofa tatu mbele yako, una njia mbili: kuyanywa maji yote hapo hapo au kuyavaa. Nilichagua kunywa, na koti likazidi kuwa dogo.

Tukapanda. Ghorofa ya tatu ya San Siro iko juu sana na imeinama sana; ukiketi, magoti yako yako sawa na kichwa cha aliye mbele, na uwanja uko chini yako kabisa. Mashabiki wakali wa Inter hukaa upande mmoja nyuma ya goli. Sisi tulikaa mahali pa familia: wazee, watoto, mikate yenye soseji. Kandokando yangu aliketi mzee mwenye skafu iliyochakaa mpaka buluu na nyeusi zimekaribia kuwa rangi moja.

Sikuambiwa na mtu kwamba ghorofa ile hutikisika. Mashabiki walipoanza kurukaruka kwa pamoja, nikahisi zege linacheza chini ya viatu vyangu. Kwetu ardhi ikifanya hivyo, hakuna mjadala: unaacha sururu, unaacha na mfuko, unatoka shimoni. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshamshika binti ya dada yangu mkono, nimeshaona ngazi, aliponivuta nikakaa. "Mjomba, ni furaha tu," akasema. Mzee wa skafu akanitolea pipi.

Kisha Inter wakafunga. Siwezi kueleza bao lenyewe, maana wakati huo nilikuwa nimekumbatiwa. Mzee alinirukia kutoka kushoto, kijana nisiyemjua akanirukia kutoka nyuma, na mimi, kwa kuwa nimeshiba maji, nikavuta ile pumzi niliyokatazwa. Zipu ikaachia yote kwa mara moja, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Mistari ikatoka hadharani.

Mzee akarudi nyuma nusu hatua. Mstari mzima ukageuka. Nikajikumbusha kwamba klabu hii ilianzishwa mwaka 1908 na watu waliojitenga na Milan kwa sababu walitaka wageni wakubaliwe, na kwamba ndiyo maana ikaitwa Internazionale. Nikatamani sana waanzilishi wale wawe karibu. Mtoto mmoja akasema neno "Juve" kwa sauti ya mtoto aliyemwona nyoka.

Nikakumbuka mamba. Nikaishika nembo kwa vidole viwili, nikaivuta mbele kadiri kitambaa kilivyoruhusu, nikamwelekezea mzee. Akatoa miwani. Akamtazama mamba. Akautazama mpira kinywani mwa mamba. Kisha uso wake ukafunguka, akapiga kelele, "Abu Dhabi!" na pale pale kwenye kiti chake, mtu wa umri ule, akaanza kurukaruka kwa makalio.

Alimkumbuka Kidiaba. Inter walishinda fainali ile, wakabeba kombe la dunia, na kilichobaki kichwani mwake ni kipa wa waliofungwa. Akawaeleza walio mbele, wa mbele wakawaeleza wa chini yao, na kwa dakika mbili tatu hakuna aliyeangalia mechi pale. Walinitazama mimi. Binti ya dada yangu akatafsiri kitu ambacho nilikuwa nimeshakielewa: "Wanasema, Mjomba, kama wewe ni wa Mazembe kweli, fanya."

Kamati ilikuwa imelitaka jambo hilo, na sasa wenyeji nao wanalitaka. Sikuwa na pa kukimbilia. Kati ya viti hapakuwa na nafasi ya makalio ya mtu mzima, kwa hiyo nikatoka kwenye ngazi za katikati, nikaketi, nikanyosha miguu mbele. Kidiaba alikuwa akifanya kazi yake kwenye nyasi, mahali tambarare. Mimi nilikuwa kwenye zege lililoinama. Mruko wa kwanza ulikuwa wangu. Wa pili ulikuwa wa ngazi. Iliyofuata sijui ilikuwa ya nani, ila kila mmoja nilipewa na shangwe yake, mpaka kijana mwenye fulana ya rangi ya kuwaka akanipokea kwa kiganja kifuani, akanisimamisha, akanieleza kwa upole kwamba ngazi zinatakiwa ziwe wazi wakati wote. Mstari wetu ukampigia miluzi yeye. Ndivyo nilivyoshangiliwa San Siro.

Kurudi, ndani ya metro, watu waliniachia kiti. Niliwashukuru, nikabaki nimesimama.

Udongo ndio uliobaki. Ndani ya uwanja haiwezekani kuchota chochote. Kuna kamba, kuna walinzi, na hizo nyasi zenyewe zimeshonewa plastiki. Lakini kamati ilisema udongo wa San Siro, haikusema wa katikati. Tulipotoka nikapita kwenye kile kitalu cha maua, nikachota konzi kadhaa, nikajaza ile chupa yangu isiyo na kifuniko, nikaiziba kwa karatasi. Na isingefaa kungoja mwaka mwingine: mwaka 2025 mji wa Milano uliamua kuziuzia Inter na Milan uwanja huo kwa euro milioni 197, na klabu zinataka kujenga mpya kando na kubomoa sehemu kubwa ya huu wa zamani. Kitalu cha maua hakina mtetezi katika mipango ya namna hiyo.

Mongbwalu tuliuosha mtoni mbele ya kamati nzima. Aliyeuosha ni fundi wa siku nyingi: analizungusha karai kwa kifundo cha mkono tu, maji yanabeba udongo mwepesi na kuumwaga ukingoni, kidogo kidogo, mpaka unabaki mchanga mweusi chini, na hapo ndipo watu wanaacha kupumua. Mara ya kwanza tu alipotia maji, kitu kikaelea. Kilikuwa kifuniko cha chupa. Akakitoa, akaendelea. Mchanga mweusi ulikuwa kidogo na dhahabu haikuwepo. Mtu mmoja akachukua kile kifuniko, akakijaribu kwenye chupa yangu. Kikakaa barabara.

Nikaandika kwenye daftari, kwa agizo la mwenyekiti: Inter imerudisha kifuniko kimoja, salio ni mabao matatu.

Yule mzee wa redio nilimweleza kwamba ni magoli yote mawili. Aliridhika, akasema alikuwa akishuku hivyo tangu zamani.

Jezi ndiyo iliyoleta kikao kirefu. Wengine waliona ni dharau kubwa mtu wa Mazembe kudhaniwa wa Juventus, na wakataka ijulikane nani aliiga mistari ya mwenzake. Niliwasomea niliyojifunza: Juventus hapo mwanzo walivaa rangi ya waridi, na mwaka 1903 wakaletewa jezi nyeusi na nyeupe kutoka Uingereza, zilizokuwa za Notts County, klabu ya mji wa Nottingham. Nilidhani kwa kusema hivyo nimeufunga mjadala. Kumbe nimeufungua. Kamati imeona kwamba wenye mali ni hao Notts County, na kwamba haifai kuzungumza na wapangaji wakati mwenye nyumba yupo. Mizani imeshatolewa mezani, vikaratasi vinafunguliwa. Mjumbe bado hajateuliwa, lakini masharti nimeyaandika mwenyewe: awe kijana, awe na mgongo mzima, na aende na koti lake.